Mlango wa nakshi wa nyumba ya kale: uutengeneze, ununue wa kale mwingine, au uchongeshe mpya?

Nyumba ya mawe ya pwani, iwe Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu, Mji wa Kale wa Mombasa au Bagamoyo, hufika siku mlango wake mkubwa ukagoma kufunga. Upande mmoja umelala na unaburuza, miimo, yaani nguzo za pembeni za fremu, imeoza chini, njumu, zile misumari za shaba zenye vichwa vya pambo, nusu zimeng'oka. Mwenye nyumba akiomba ushauri hupewa wa aina tatu. Seremala wa mtaani anasema huu umekwisha, tuuchonge mwingine. Dalali anasema anao wa kale mzima, umetoka kwenye nyumba iliyobomolewa, na huu mbovu atauchukua yeye bila shida. Jirani mtu mzima anasema usiguse kitu, tafuta fundi autie kiraka.

Ushauri wote huo unaweza kuwa sahihi, kutegemea nyumba na mlango. Lakini nauweka wazi msimamo wangu tangu mapema: mlango uliopo ndio wa kwanza kupiganiwa. Ukishindikana kabisa, mpya uliochongwa vizuri unafuata. Wa kale uliong'olewa kwingine nauweka wa mwisho, ingawa ndio unaovutia macho kuliko yote. Sababu zangu ni hizi.

Anza na ulio nao

Kabla ya kuuliza bei, ufungue mlango mchana, jua likiwa limeupiga, uutazame sehemu moja moja. Fremu ina miimo miwili, kizingiti cha juu na cha chini. Mlango wenyewe ni wa pande mbili zinazofunguka kwa ndani. Wazee huziita dume na jike. Zinapokutana kuna mfaa, ule mhimili uliochongwa unaoziba mwanya wa katikati. Njumu za shaba zimepangwa kwa mistari kwenye mbao, na komeo na mnyororo viko mahali pake, au angalau matundu yake yapo.

Sasa kuna jambo ambalo seremala aliyezoea milango ya kisasa halijui. Pande hizi za kale hazikai kwenye bawaba. Kila upande una ncha juu na chini, na ncha hizo huzunguka ndani ya matundu yaliyochimbwa kwenye vizingiti. Mzigo wote wa mlango, nao ni mzigo hasa, unakalia ncha ya chini. Ikilika kwa upana wa kidole tu, upande mzima unashuka, unaburuza, unagonga mfaa, na mwenye nyumba anaamini mlango umepinda. Kumbe kilichokufa ni kipande cha mbao kinachotosha kiganjani. Milango mingi imetolewa na kuuzwa kwa ugonjwa huu mmoja.

Chukua bisibisi nyembamba, ukandamize polepole miguu ya miimo, pembe za kizingiti cha chini na upande wa nyuma wa mbao. Inapokataa kuingia, mbao ni nzima hata kama imekuwa nyeusi na mbaya wa sura. Inapozama kama kwenye mkate, hapo pameoza. Weka alama kwa chaki. Ukimaliza, simama nyuma utazame alama zako: mara nyingi zote zitakuwa chini, kutoka sakafuni hadi usawa wa goti, kwa sababu maji hutoka ardhini na kwenye michirizi ya mvua. Nakshi yenyewe, iliyo juu, itakuwa salama.

Tazama pia ni mlango wa mkono gani, yaani mtindo gani wa uchongaji. Kizingiti cha juu kilichonyooka, chenye maandishi ya Kiarabu na mawaridi, minyororo ya kuchongwa ikipanda kwenye miimo, ni ule unaoitwa wa Kiarabu au wa Kiomani, uliotawala Zanzibar ya karne ya 19. Wenye tao juu, uliojaa majani na maua yanayojikunja, ni mkono wa Kihindi, na ulishika kasi mwishoni mwa karne hiyo. Wenye pande zilizogawanywa vipande vya mraba, mara nyingi kwenye nyumba za maduka, watu wanauita wa Kigujarati. Ukienda kaskazini, Lamu, Siyu na visiwa vya Wabajuni, unakuta nakshi ya mikato mifupi ya maumbo ya kijiometri, mara nyingine ikitiwa rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe. Ufundi huu ni wa zamani sana kwetu. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, aliitaja milango ya mbao ya Kilwa kwa uzuri wa uchongaji wake.

Kama kuna mwaka umechongwa, utakuwa wa Hijria. Mlango ulioandikwa 1307, kwa mfano, ni wa mwaka 1889 au 1890. Mwaka huo una uzito wa kisheria, kama tutakavyoona.

Njia ya kwanza: kuutengeneza uliopo

Ukarabati mzuri ni kazi ya patasi na subira. Mguu wa mwimo uliooza unakatwa mpaka ifikiwe mbao nzima, na mkato unapigwa mshazari, si mraba, ili kipande kipya kishikane na cha zamani kwa uso mpana na maji yasipate rafu ya kukalia. Kipande kipya kinakuwa cha mbao ya aina ile ile, nyuzi zikielekea upande ule ule, kinaungwa kwa gundi na vigingi vya mbao. Nakshi inaendelezwa juu yake baada ya kuungwa, siyo kabla, ili mistari ikutane. Ncha iliyolika inapachikwa mbao ngumu mpya. Upande uliopasuka kwa ukavu unawekewa ukanda mwembamba ndani ya ufa.

Fundi anayekuambia atajaza sehemu iliyooza kwa gundi na unga wa mbao, kisha apake rangi ya kahawia juu, mshukuru umuage. Kijazo hicho hakipumui, hakipanuki wala kusinyaa pamoja na mbao, na baada ya masika mawili kitajitenga na kuacha mfuko wa maji ndani. Kadhalika anayekuja na mashine ya msasa. Mashine inakula ncha za nakshi, na ncha ndizo zinazoshika kivuli. Ukizilainisha, mlango unabaki na michoro isiyosomeka hata jua likiwa pembeni. Nakshi husafishwa kwa brashi laini, kijiti cha mbao na kitambaa.

Kuna tabia nyingine tatu zinazoharibu milango mizima. Oili chafu ya gari inapakwa ati kuzuia mchwa. Inaufanya mlango mweusi, inanata vumbi, na nakshi inazibika. Vanishi nzito inayong'aa inapendeza mwezi wa kwanza, kisha chumvi na jua vinaipasua, maji yanaingia chini yake na hayatoki. Na ndimu au ukwaju wa kung'arishia njumu unaachwa ukachirizikie mbao. Ng'arisha shaba, lakini kwa kitambaa kilichokamuliwa, na futa pembeni palepale. Kwa mbao yenyewe, mafuta ya kitani yaliyopakwa membamba na kufutwa yanatosha. Rudia pale mbao inapoonekana kukauka.

Faida ya njia hii ni kwamba pesa yako karibu yote inakwenda kwa fundi, si kwa mbao wala kwa dalali. Mlango hautoki nyumbani, vipimo haviwi tatizo, na historia haivunjiki. Ubaya wake ni mmoja mkubwa: unahitaji fundi anayeujua mlango wa namna hii, na hao si wengi. Mwingine ni kwamba gharama haijulikani yote mwanzoni, kwani mbao ikifunguliwa huonyesha mengine. Kubaliana na fundi bei ya kila sehemu, mguu wa mwimo kiasi gani, ncha kiasi gani, badala ya bei moja ya jumla itakayozua ugomvi.

Njia hii inashindikana lini? Mchwa wakiwa wamekula moyo wa miimo yote miwili na kizingiti cha juu, kukabaki ganda. Au pale ambapo mlango ulishatolewa zamani na kilichopo ni cha mbao laini kilichobandikwa miaka ya karibuni. Zaidi ya hapo, sijaona sababu nyingi za kukata tamaa. Jengo la Zahanati ya zamani ya Ithnaasheri kwenye barabara ya Mizingani, huko Mji Mkongwe, ambalo mfanyabiashara Tharia Topan aliweka jiwe lake la msingi mwaka 1887, lilichakaa vibaya kabla ya taasisi ya utamaduni ya Aga Khan Trust for Culture kulikarabati miaka ya 1990. Roshani zake za mbao zilizotobolewa ziko mbele ya bandari hadi leo, na roshani inapigwa na mvua na jua kuliko mlango wowote.

Njia ya pili: kununua wa kale uliong'olewa

Naelewa mvuto wake. Mlango wa msaji (mti wa tiki) wa zaidi ya miaka mia una rangi na uzito ambao hakuna fundi wa leo anaweza kuutoa. Na kweli zipo nyumba zilizoanguka au kubomolewa, milango yake ikabaki yatima. Kuupa mlango yatima nyumba ya kale iliyopoteza wake ni jambo jema.

Tatizo ni kwamba soko lenyewe ndilo linalozalisha mayatima. Dalali akijua kuna mteja, nyumba iliyokuwa na nafuu inaonekana ghafla haitengenezeki. Familia yenye warithi wengi na pesa kidogo inauza mlango kwanza, kisha fremu za madirisha, kisha boriti, na nyumba inabaki shimo. Tundu la mlango wa nakshi likishazibwa kwa matofali ya saruji na geti la chuma, nyumba hiyo haina tena kinachomfanya mtu asimame kuipigania. Ndiyo maana nasema swali la kwanza kwa muuzaji ni hili: umetoka nyumba gani, mtaa gani, na nani alitoa ruhusa? Akikujibu kwa jumla jumla, "umetoka Pemba huko", acha.

Sheria nayo imeutaja mlango waziwazi. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaweka kwenye kundi la vitu vinavyolindwa milango na fremu za mbao zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940. Kenya, Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inafanya hivyo hivyo, mpaka wake ukiwa mwaka 1946. Kwa hiyo mlango wenye tarehe ya Hijria 1357 au chini yake umo ndani ya kinga hiyo pande zote mbili za mpaka. Zanzibar ina sheria zake na, kwa Mji Mkongwe, ina Mamlaka ya hifadhi iliyoundwa mwaka 1985. Kubadilisha uso wa nyumba humo, na mlango ni uso, kunahitaji kibali. Mji Mkongwe uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mji wa Lamu mwaka 2001. Kibali si karatasi ya usumbufu. Ndicho kinachofanya kuwe na kitu cha kurithi.

Kisha kuna udanganyifu. Mlango mpya unaweza kuzeeshwa kwa chai nzito, masizi na rangi ya viatu. Njia ya kuutambua ni kuugeuza. Mchongaji wa zamani alimaliza uso kwa ustadi, lakini nyuma aliacha alama za tezo: mabonde mapana yasiyolingana, na unene wa ubao ukipungua hapa na kuongezeka pale. Ukikuta nyuma mistari myembamba iliyolingana, huo ni msumeno wa mashine. Chomoa msumari mmoja wa ndani kama muuzaji anaruhusu: wa kufuliwa kwa mkono una shina la pembe nne, wa kiwandani wa siku hizi ni mviringo. Tazama ulikaji. Mlango uliotumika na vizazi umelika kwa mpangilio: kwenye usawa wa mkono karibu na komeo, kwenye kizingiti cha chini mahali pa kukanyaga, kwenye ncha. Uliozeeshwa umechakaa kila mahali sawasawa, hata juu kabisa ambako hakuna mkono unaofika. Na nyuma ya fremu ya kweli utakuta chokaa imeng'ang'ania kwenye nyufa.

Hata ukiwa wa kweli, kuna suala la vipimo, na hapa ndipo roho huuma. Mlango wa kale ulichongwa kwa ajili ya tundu moja. Kwako tundu ni jembamba zaidi, basi fundi anakata miimo, au anapunguza kizingiti na kuyakata maandishi ya Qurani katikati ya aya. Tundu likiwa pana zaidi, wanabomoa kingo za ukuta au wanajaza mbao mpya pembeni. Kwa vyovyote, mlango mmoja wa kale umeharibiwa ili kuipamba nyumba nyingine. Na mlango wa Kigujarati wa duka ukiubandika kwenye nyumba ya Lamu yenye daka (kibaraza cha mlangoni) na zidaka (vishubaka vya ukutani), unakuwa umeandika uongo kwenye uso wa nyumba.

Ninaikubali njia hii katika hali moja: nyumba ya kale haina mlango wake, mlango unaouzwa una asili inayojulikana na kibali, unatoka mji ule ule au wa mkono ule ule, na vipimo vinakaribiana kiasi kwamba hakuna nakshi itakayokatwa. Masharti hayo manne yakitimia pamoja, nunua bila kusita.

Njia ya tatu: kuchongesha mpya

Hii inadharauliwa bila haki. Watu husema mpya si wa kweli. Lakini kila mlango wa kale uliwahi kuwa mpya, na ulichongwa na fundi aliyelipwa. Uchongaji wa Lamu na Zanzibar umebaki hai kwa sababu kuna watu wanaoagiza. Pesa uliyotaka kumpa dalali ukimpa mchongaji, kijana wake anayejifunza pembeni atakuwa na sababu ya kubaki kwenye kazi.

Uamuzi mkubwa hapa ni mbao. Msaji ndiyo ulioletwa kwa majahazi kutoka Bara Hindi zamani. Sasa unapandwa nchini, Longuza kule Muheza, Mtibwa na bonde la Kilombero. Wa shambani hukua haraka na hukatwa ukiwa mdogo, hivyo chagua mbao za moyo, uzikatae zenye ukanda mweupe mpana. Mvule na mninga hufanya vizuri sana na huchongeka. Mfenesi, wenye rangi ya manjano inayokolea kadiri unavyokaa, umetumika visiwani kwa vizazi. Mwembe ni rahisi na ndiyo maana utapewa usipouliza. Kwa mlango wa nje unaopigwa na mvua, hapana.

Mbao iwe kavu. Kanuni ya mafundi ni mwaka mmoja wa kukaushwa kivulini kwa kila inchi moja ya unene, maana yake ubao wa inchi mbili unahitaji miaka miwili. Mchongaji mwenye akiba ya mbao kavu ana thamani kuliko mwenye picha nyingi kwenye simu. Mlango uliochongwa kwenye mbao mbichi utapasuka kwenye nakshi mwaka wa kwanza, na hakuna dawa.

Halafu uliza: kwa mkono au kwa mashine? Siku hizi kuna mashine za kompyuta zinazochonga ubao mzima kwa muda mfupi. Weka jicho kwenye kona za ndani za ua. Patasi inaacha kona kali inayoishia kwenye ncha. Mashine, kwa sababu kisu chake kinazunguka, inaacha kona ya duara na kina kilicho sawa kila mahali. Kwa mlango wa chumbani mashine si dhambi. Kwa mlango wa mbele wa nyumba ya kale, lipia mkono.

Na usimwambie mchongaji "nifanyie wa Zanzibar". Mpeleke mtaani kwako, mtazame milango ya majirani iliyobaki, mpime upana wa mwimo dhidi ya urefu wa tundu, mhesabu safu za njumu. Au kama vipande vya mlango wako wa zamani vipo, avifuate hivyo. Agiza nyuma ya kizingiti, mahali pasipoonekana, uchongwe mwaka halisi wa kutengenezwa. Atakayeufungua mlango huo miaka themanini baadaye atakushukuru, na hakuna dalali atakayeuza wa 2025 kama wa enzi za Barghash, sultani wa Zanzibar wa karne ya 19.

Ubaya wa mpya ni muda. Kuchonga kwa mkono kunachukua wiki nyingi, mara nyingi miezi, na malipo huenda kwa awamu. Bei iombe imegawanywa: mbao, uchongaji, njumu na vyuma, usafiri, kuweka. Hapo ndipo utaona kama aliyekuja na bei ya chini amekupunguzia kwenye mbao.

Tukizisimamisha pamoja

Kwa fedha, ukarabati kwa kawaida ndio nafuu, isipokuwa mlango uwe umeoza hadi kifuani. Mpya wa mkono na wa kale uliong'olewa vinaweza kukaribiana, lakini wa kale una gharama zilizojificha: kuusafirisha, kuukata ufae, kutengeneza ubovu ambao hukuuona dukani, na vibali. Watu wengi hununua wa kale halafu wanamlipa fundi kuukarabati, maana yake wamelipa mara mbili kwa kazi ambayo wangeifanyia wa kwao.

Kwa muda, wa kale unaonekana wa haraka kwa sababu upo tayari. Ukiwa na kibali na ukafaa tundu, kweli ni wa haraka. Vinginevyo ukarabati unaupita.

Kwa usalama wa nyumba, zote ni sawa zikifanywa vizuri. Mlango wa kale unaofunga kwa komeo la ndani unaweza kuongezewa kufuli ya kisasa kwenye mfaa au nyuma bila kutoboa nakshi. Mwambie fundi aipachike juu ya ubao, asichimbe.

Kwa mtaa, tofauti ni kubwa. Ukarabati unaacha mtaa ulivyo, mpya unauongezea kitu, na wa kale uliong'olewa unaupa mtaa mmoja kwa kuunyang'anya mwingine. Kigezo hiki hakimo kwenye hesabu za wengi, ila kwangu ndicho kinachoamua pale vingine vinapolingana.

Ukuta kwanza, jamani

Chochote utakachochagua, kikipachikwa kwenye ukuta mgonjwa kitaoza. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, na zimejengwa kunyonya unyevu na kuutoa tena. Plasta ya saruji iliyopigwa juu yake inaiziba njia hiyo ya kutokea. Unyevu, ukibeba chumvi, unapanda nyuma ya saruji ukitafuta njia, na njia rahisi inayopatikana ni mbao: miguu ya miimo na ncha za boriti zilizozama ukutani. Ukiona mlango umeoza chini na ukuta wa pembeni una plasta ngumu ya kijivu inayolia kama ngoma ukigonga, umempata mhalifu. Bandua angalau upana wa mkono mzima kila upande wa fremu na urefu wa mtu, uache ukuta ukauke, kisha upigwe chokaa. Pesa hiyo itaokoa mlango kuliko mafuta ya kitani ya miaka kumi.

Tazama na juu. Kizingiti cha mlango hakikuwekwa kubeba nyumba peke yake. Juu yake kuna boriti au mawe yanayogawa mzigo. Ufa unaopanda kwa mshazari kutoka pembe ya fremu unasema mzigo umehama. Hapo simamisha kazi ya mlango na mwite mtu wa majengo. Jumba la Maajabu la Mji Mkongwe, lililojengwa mwaka 1883, lilianguka sehemu ya mbele tarehe 25 Desemba 2020 wakati kazi za ukarabati zikiendelea, na watu wawili walipoteza maisha. Nyumba za mawe huvumilia muda mrefu, kisha haziombi ruhusa.

Kwa ndugu walio Muscat, Dubai, London na kwingineko

Wengi mnataka mlango wa kwenu ugenini, na nia hiyo naiheshimu. Lakini msichukue wa kale. Mbali na sheria za kuutoa nchini, mlango uliokaa miaka mia kwenye hewa ya bahari ukipelekwa kwenye nyumba yenye kipasha joto au kiyoyozi mchana na usiku unakauka kupita ulivyozoea, na unapasuka kwenye viungo. Agizeni mpya. Mwelezeni fundi unakokwenda, akaushe mbao zaidi ya kawaida na kuacha vipande vya ndani vikae huru kwenye mifereji bila gundi ili vicheze. Ulizeni vibali vya mbao mapema pia: mninga na mkongo, unaojulikana pia kama mbambakofi, viliingizwa mwaka 2022 kwenye orodha ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama, kwa hiyo mbao zake hazivuki mipaka kiholela.

Na kama mlango wa nyumba ya babu umeshindikana kweli, msiuze mabaki. Mfaa na kizingiti cha juu mara nyingi hubaki vizima hata miimo ikiisha. Vipigeni picha vikiwa bado mahali pake, mpime, muandike nyuma jina la nyumba na mtaa, kisha vitundikwe ukutani humo humo ndani, mahali pakavu palipo mbali na jiko. Mchongaji wa mlango mpya atavihitaji vikiwa mbele ya macho yake kuanzia siku ya kwanza ya kazi.